Kuonja kwa Dole Gumba

Barua kutoka wilayani ilisema maziwa ya shule yaonjwe kila asubuhi na mzazi mmoja, nusu saa kabla ya watoto kunywa. Mzazi huyo awe mama, na ikiwezekana atoke katika nyumba ambazo huwa haziulizwi neno. Mwalimu Mkuu Purohit aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamgeukia Kesar mpishi.

"Wanataka mtu wa mtaa wa chini."

Kesar alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Hakuinua kichwa. "Basi atafutwe. Lakini asiguse upawa wangu."

Akatafutwa Sugni.

Mumewe, Tejaram Meghwal, alikuwa mchimba mawe huko Jodhpur. Miezi kumi ya mwaka alikuwa machimboni, na miwili iliyobaki alikuwa nyumbani akikohoa. Walikuwa na mtoto mmoja, Dakhu, wa miaka minane, darasa la tatu. Wawili waliomtangulia hawakumaliza mwezi. Kwa hiyo Dakhu alilelewa kama moto wa jikoni siku ya upepo, mkono umekingwa kila upande.

Habari ya kuonja ilipofika nyumbani, mtoto alishindwa kukaa chini.

"Mama, kweli? Utaonja kabla ya mwalimu?"

"Ndivyo walivyosema."

"Kabla ya rafiki yangu Chuki?"

"Kabla ya wote."

"Hata kabla ya watoto wa Hanvant?"

"Hata wao."

Dakhu akafikiri kidogo. "Basi usiyamalize."

Hanvant ndiye aliyeleta maziwa. Nyumba yao ilikuwa ya kwanza mtaa wa juu, ile yenye geti la chuma. Alizunguka kwa pikipiki akikusanya maziwa kwa wafugaji wa nyati, madebe mawili yakining'inia ubavuni, kisha akayafikisha shuleni kabla jua halijapanda. Kesar akayachemsha, akatia sukari, akagawa.

Siku ya kwanza Sugni alikwenda na bilauri yake ya chuma kutoka nyumbani. Aliteremsha mtandio mpaka kidevuni, maana mwalimu alikuwepo na wazee wawili wa mtaa wa juu walikuwa wamesimama kwenye kibaraza. Akachuchumaa, akainua bilauri. Kesar akammiminia kutoka juu, mkono wake ukiwa mbali, kama mtu anayemwagilia mche wenye miiba. Sugni akanywa, akajipangusa mdomo.

"Mazuri. Sukari imepungua kidogo."

"Sikilizeni jamani!" Kesar akacheka. "Jana tu alikuwa anakunywa chai ya rangi, leo anatufundisha sukari!"

Watu wakacheka, na hata Sugni akacheka chini ya mtandio. Kicheko hicho kilikuwa cha mwisho. Kengele ilipolia, wavulana thelathini na mmoja wa mtaa wa juu walizichukua bilauri zao, wakazimimina kwenye mchanga, wakaenda nyumbani. Mchanga ulinywa maziwa yote pale pale, likabaki doa jeupe ambalo mbwa walilijia kulilamba. Jioni wazee walifika kwa mwalimu. Maziwa yalikuwa yameguswa na mtu wa mtaa wa chini, walisema, na kinachoguswa na watu hao ni najisi. Hakuna aliyeuliza yaliguswaje, ikiwa upawa ulikuwa wa Kesar, na sufuria ya Kesar, na bilauri ya Sugni ilikuwa yake mwenyewe.

Mwalimu Purohit hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi ukimkumbuka. Hakuwahi kumpiga mtoto, na mvua iliponyesha aliwaruhusu watoto wa mtaa wa chini waingie ndani, ingawa walikaa nyuma. Alikuwa mtu aliyechoka. Mke na watoto wake walikuwa mbali, na kwa miaka minne alikuwa akiomba uhamisho. Alitaka siku zipite bila kelele. Akamwita Sugni pembeni.

"Mama Dakhu, serikali inataka daftari lijazwe. Watu wa hapa hawataki uonje. Mimi nifanye nini?"

"Mniache tu, mwalimu. Atafutwe mwingine."

"Jina lako limeshakwenda wilayani. Wewe njoo uweke dole gumba kwenye daftari, basi. Maziwa tutayaonja sisi."

Akaweka dole. Ikawa hivyo kila siku. Kisha mwalimu akaona hata hilo ni usumbufu, na tarehe mosi Aprili, joto likiwa limeanza kuuma, akamwambia, "Kwa nini uje kila siku kuchafua kidole? Weka ya mwezi mzima mara moja."

Alifungua daftari, akaweka kidau cha wino juu ya dawati. Mbele ya kila tarehe ya masomo, Jumapili na sikukuu zikirukwa, alikuwa ameshaandika maneno, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja wa haraka. Sugni hakujua kusoma, ila kuhesabu alijua. Kila siku alibandika vibonge vya samadi ukutani vikauke viwe kuni, na kila jioni alivihesabu, kwani jirani yake alikuwa na mkono mrefu. Kwa hiyo alipokuwa akibonyeza, kinywa chake kilihesabu chenyewe. Moja, mbili, tatu. Alipofika ishirini na nne mwalimu akafunga daftari.

"Umemaliza. Mwezi huu hatukusumbui tena."

Lakini Sugni aliendelea kuja kila asubuhi.

Sababu ilikuwa Dakhu. Mtoto hakuambiwa kwamba mama yake haonji. Angeambiwaje? Alikuwa ameshautangazia mtaa mzima. Akigombana na Chuki, rafiki yake, kuhusu kokoto za kuchezea, alimaliza ugomvi kwa neno moja: "Mama yangu ndiye anayekuonjea." Chuki akamsukumia kokoto zote. Sugni alilisikia hilo akiwa kisimani, akainamia ndoo yake.

Kwa hiyo kila asubuhi alikaa nje, chini ya ukuta wa shule, pale penye upenyo wa lango. Watoto walipanga mistari miwili uani. Mstari wa mtaa wa juu ulitangulia, kisha wa mtaa wa chini. Kesar alichota juu ya debe kwa wale, na hawa wakapata kilichobaki chini. Dakhu akishapokea bilauri yake, kabla ya kunywa, aligeuka langoni. Usoni mwa Sugni hakuona kitu, maana mtandio ulikuwa umeshuka. Aliona kitambaa chekundu tu. Kitambaa kikitikisika juu na chini, maana yake mazuri, kunywa. Ndipo anywe, mkupuo mmoja, arudi kwenye mstari na masharubu meupe.

Haikuwa dhambi kubwa, Sugni alijiambia. Kulikuwa na ubaya gani mtoto kuamini jambo dogo kama hilo?

Tarehe kumi na sita kulikuwa na harusi mtaa wa juu. Ngoma na tarumbeta zilipigwa siku nzima, na Hanvant alikuwa katika waliompeleka bwana harusi juu ya farasi. Maziwa aliyokusanya jioni yalilala ndani ya madebe kwenye joto lile. Asubuhi yalikuwa yameanza kuchachuka. Maziwa yakichachuka hupotea, na shule ingelalamika. Hanvant alikuwa na paketi ya magadi makali, yale ya kuoshea madebe, yanayochubua mikono. Watu wa kazi hiyo wanajua kwamba kidogo sana kwenye ncha ya kijiko hukata uchachu, na wanajua pia kwamba haifai. Alikuwa hajalala, macho mekundu, kilemba kimelegea. Alitia kwa kiganja. Hakukoroga, akapiga teke pikipiki.

Kesar aliyapasha moto humo humo debeni, maana muda ulikuwa umekwisha, akatia sukari kuliko siku zote, kwa sababu harufu haikumpendeza. Mwalimu akapelekewa yake ya chai, yaliyochotwa juu. Akanywa chai, akasaini. Mbele ya tarehe kumi na saba dole la Sugni lilikuwa tayari limekauka, lina siku kumi na sita.

Mstari wa mtaa wa juu ulikunywa, na wachache wakakunja uso. Mmoja akasema, "Shangazi Kesar, umesahau sabuni kwenye sufuria?" Wenzake wakacheka. Debe likainamishwa kwa mstari wa pili.

Dakhu alikuwa wa tatu. Alipokea bilauri, akageuka langoni. Kitambaa chekundu kikatikisika. Akanywa funda moja, akasimama. Akaitoa bilauri mdomoni, akageuka tena kumtazama mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sugni aliona mtoto amegeuka mara ya pili. Akadhani anadeka. Akadhani anataka Chuki aone vizuri ni nani anayeonjewa na nani. Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi, mtandio ukamchezea kifuani.

Dakhu akanywa yote.

Nyuma yake watoto sita walionja, wakatema. Walitapika, midomo ikawavimba, na baada ya siku tatu walikuwa wanakimbia tena. Wao hawakuwa na mtu langoni. Dakhu alipelekwa hospitali kwa trekta, amelazwa juu ya magunia, mama yake amemshika kichwa. Hakuweza kusema, kwa kuwa koo lilikuwa limeungua. Alitazama tu. Kesho yake, saa nne ya asubuhi, akaacha kutazama. Walimrudisha na kumzika siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, kwenye mchanga nje ya kijiji, huko wanakozikwa watoto wote wa mtaa wa chini. Tejaram alifika siku ya pili yake akiwa bado na vumbi la mawe kwenye nywele.

Polisi walikuwa wamefika shuleni siku ile ya trekta, wakachukua debe na daftari. Hilo la daftari mwalimu hakulitarajia. Hakuwahi kupata hata dakika moja nalo peke yake.

Tarehe ishirini na moja alikuja mtaa wa chini kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne. Walimtandikia kitanda cha kamba, akakaa ukingoni, hakugusa maji waliyomletea.

"Mama Dakhu, kesho anakuja afisa. Atakuuliza kama ulionja."

"Nitamwambia sikuonja."

"Ukisema hivyo unajifunga mwenyewe. Dole ni la nani? Langu?" Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto hesabu. "Sema ulionja, yalikuwa mazuri. Basi itaonekana ni joto, ni mwili wa mtoto, ni majaliwa. Hakuna atakayeumia."

"Hakuna atakayeumia," Tejaram akarudia, akakohoa mpaka akainama.

"Kaka Tejaram, nielewe. Mtoto harudi."

"Ndiyo, mwalimu. Tumemzika sisi."

Mwalimu akainuka, akatazama kitanda kana kwamba ameacha kitu, akaenda zake.

Afisa aliitwa Mathur. Alikuwa mtu mnene wa mjini, na shingo yake ilitoka jasho pale pale alipoikausha. Alikaa uani kwenye kiti cha mwalimu, daftari likiwa mezani. Hanvant alisimama nyuma pamoja na baba yake na watu wa geti la chuma. Kesar alijikunja mlangoni mwa jiko. Sugni akaketi chini mchangani, mtandio umeshuka.

"Mama, pole. Hili dole la tarehe kumi na saba ni lako?"

"Ni langu."

"Hapa pameandikwa: Yameonjwa, matamu, safi. Ulionja?"

"Sikuonja."

Minong'ono ikapita nyuma. Baba yake Hanvant akasema kwa sauti, "Sasa anaruka! Dole lake, anaruka!"

"Kama hukuonja, uliweka dole la nini?"

"Niliambiwa niweke. Nilionja siku moja tu, wakamwaga."

"Huyu mama ana msiba, bwana," mwalimu akasema taratibu. "Kichwa chake hakijatulia. Kila siku alikuja hapa. Shule nzima ilimwona."

Sugni aliinua kichwa kulielekea daftari. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba afisa aliinama mezani ili aisikie. "Bwana, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Kwenye hilo daftari nilibonyeza mara ishirini na nne. Nilihesabu. Tazama."

Mathur akatazama ukurasa, akaufunua unaofuata. Akaacha kujifuta shingo. Akaweka kidole chake juu ya karatasi, akaanza kushuka, tarehe kwa tarehe. Ishirini na tatu, dole. Ishirini na nne, dole. Siku ambazo zilikuwa hazijafika, na maziwa ambayo yalikuwa bado ndani ya nyati, yalikuwa yameshaonjwa. Yalikuwa matamu, safi, mpaka tarehe thelathini.

"Na ile ya kumi na nane?" Sugni aliuliza. "Nisomee hiyo."

Afisa hakutaka. Lakini alikuwa ameulizwa mbele ya watu.

"Yameonjwa," alisoma. "Matamu, safi."

"Siku hiyo nilikuwa namzika."

Hakuna aliyekohoa. Hata Tejaram alikizuia kikohozi chake. Mwalimu Purohit alikuwa akitazama miguu yake, na alipoinua uso ulikuwa umekuwa mwekundu wa mtu aliyekamatwa. Mtu wa namna hiyo ndiye hutafuta cha kushika, chochote kile.

"Sawa," akasema. "Sawa, daftari lilijazwa mapema, kosa langu. Lakini mwulizeni na yeye. Kama alijua hakuonja, kwa nini alimtikisia mtoto kichwa? Mara mbili! Kesar aliona. Watoto wote waliona. Mwulizeni hilo."

Mathur akamgeukia Sugni. Akashika kalamu. Alingoja tu.

Sugni alichota mchanga kidogo kwa kiganja, akauacha uteremke.

"Kwa sababu alikuwa ananitazama," akasema.

Afisa aliandika mengi siku ile, kurasa sita. Hilo halikuandikwa.

Maamuzi hayakuchelewa, maana wilaya ilitaka mambo yapoe kabla ya magazeti. Mwalimu Purohit aliadhibiwa kwa kuhamishwa. Alipelekwa shule iliyo nusu saa kutoka nyumbani kwake, pale pale alipokuwa akiomba kwa miaka minne. Hanvant alikatazwa kuleta maziwa, na pikipiki na madebe vikachukuliwa na mdogo wake. Kesi ilifunguliwa mjini, na huko iko. Sugni aliondolewa katika kuonja kwa sababu ya uzembe, na barua mpya ikasema kuwa kuanzia sasa mwonjaji awe mama anayejua kuandika jina lake. Mtaa wa chini hakukuwa na hata mmoja. Akachaguliwa wifi wa Kesar.

Maziwa yalianza tena tarehe ishirini na nane. Sugni alisikia kengele akiwa ukutani kwake anabandika samadi. Siku ya pili aliisikia tena. Siku ya tatu alinawa mikono, akaingia ndani, akaitoa bilauri ya Dakhu iliyokuwa imefunikwa juu ya chungu cha maji. Akashuka nayo mpaka shuleni. Safari hii hakukaa langoni. Alipita katikati ya ile mistari miwili mpaka jikoni.

"Sugni," Kesar alisema, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Huna kazi tena hapa, dada."

"Leo tarehe ngapi?"

"Thelathini."

"Basi lile dole la mwisho ni la leo. Daftari liko mjini, lakini dole langu la leo limo ndani. Mwezi mzima sikuonja hata mara moja, Kesar. Nimiminie hiyo moja."

Mwalimu kijana aliyekuwa anashikilia nafasi ya Purohit alisogea kando ya mlango. Kesar akachukua upawa, akachota.

"Siyo juu," Sugni akasema. "Chini. Chini kabisa, pa mstari wetu."

Kesar akaingiza mkono ndani mpaka kiwiko. Upawa ukakwaruza debe. Akamimina, bado kutoka juu, maana mkono ulishazoea. Matone mawili yakaanguka nje.

Sugni akafunua mtandio mbele ya watu wote, mwalimu na wazee kwenye kibaraza, akanywa. Alikunywa polepole mpaka mwisho. Yalikuwa ya moto, mazito, yenye sukari ya kutosha. Yalikuwa mazuri kweli, na hilo lilimuuma kuliko kama angekuta uchungu wa magadi.

Mstari wa mtaa wa juu ulikuwa umeshakunywa. Mstari wa pili ulikuwa umeshika bilauri, na hakuna aliyepeleka mdomoni. Chuki alikuwa wa tatu, pale alipokuwa akisimama mwenzake. Alimtazama Sugni, macho kwa macho, akingoja.

Sugni alijua anachongojwa. Alijua pia kwamba maziwa yalikuwa mazuri na kwamba angesema kweli. Shingo ikakataa. Akabaki wima na bilauri tupu mkononi, na mtoto akaendelea kungoja, mpaka maziwa yakapoa na kufunga utando.